Tovuti Nyepesi Hufika Mbali

Mwanafunzi mmoja wa hapa Bujumbura alikuwa akitafuta tarehe ya mwisho ya kujiandikisha katika mashindano ya chama chake. Aliifungua tovuti ya chama kwa simu yake ndogo. Picha kubwa zikaanza kushuka moja moja, salio la intaneti likamwishia, na tarehe hakuiona. Ndipo wanachama walipoamua kuijenga upya, nasi tukapata nafasi ya kuishuhudia kazi hiyo.

Kiini cha tatizo kilikuwa wazi. Aliyeijenga tovuti ya kwanza alirundika mapambo mengi, kisha akahitimu na kuondoka na neno la siri. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Safari hii vijana walirejea katika misingi. Maneno waliyaandika kwa HTML, lugha iliyobuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Geneva, ambacho mwaka 1993 kiliutoa uvumbuzi wa Wavuti kwa watu wote bila malipo. Mapambo waliyaweka katika faili moja la CSS, mbali na maneno. Kwa kuwa kanuni hizo ni za wote, nakala ya kurasa za CERN za mwaka 1992 ingali inasomeka hata katika simu za leo.

Aidha, picha zilipunguzwa ukubwa, na kila moja ikaandikiwa maelezo ili asiyeona asomewe na simu yake. Kirundi, Kifaransa na Kiswahili zikawekewa alama, kila lugha itamkwe ipasavyo. Kisha kurasa zikakaguliwa kwa chombo cha bure cha W3C, shirika linalosimamia kanuni za Wavuti tangu 1994, na kujaribiwa katika simu duni kuliko zote walizokuwa nazo. Mwisho, neno la siri likakabidhiwa viongozi watatu kwa maandishi.

Ndugu askari, jambo hili latuhusu. Sisi nasi tunavyo vyama vya michezo na vya ushirika. Silaha ya kutumainiwa ni ile ambayo kila askari aweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga mwenyewe. Tovuti nayo ni vivyo hivyo: ikijulikana na mtu mmoja tu, siku akihamishwa chama kizima hubaki gizani. Zamu hukabidhiwa, tovuti nayo haina budi kukabidhiwa.