Mapambo ya Mwili: Lipi Tulitunze, Lipi Tuliache?



Ukisimama mlangoni pa kanisa hapa Izia siku ya Jumapili, utaona mengi kwenye miili ya waumini kabla hujasikia neno. Bibi aliyetoka kijijini ana chale za zamani pembeni mwa macho. Mama Msukuma aliyepanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa amevaa shanga shingoni na bangili za waya. Kijana wa bodaboda ana mchoro wa wino mkononi. Binti amejipamba vizuri, lakini uso wake ni mweupe kuliko shingo na vidole vyake. Wote ni waumini wa parokia moja.

Katika kamati zetu swali hili hurudi mara kwa mara: je, mwenye chale usoni anafaa kuwa msimamizi wa ubatizo? Mtoto aliyevalishwa shanga kiunoni abatizwe nazo, au zikatwe kwanza? Wakati mwingine jibu hutolewa haraka, na mama wa watu hurudi nyumbani na aibu. Katika toleo hili tunaeleza mapambo ya mwili yalikuwa na kazi gani kwa wazee wetu na kwa majirani zetu, ili kamati ziamue kwa kuelewa.

Mapambo yalikuwa yakisema nini

Zamani, pale ambapo watu wengi hawakuwa na cheti wala kitambulisho, mwili wenyewe ulibeba habari za mtu. Ulieleza kabila lake, rika lake, kama ameolewa na kama ana msiba.

Wamakonde, kusini mwa nchi yetu na ng'ambo ya Mto Ruvuma, walichanja nyuso kwa michoro na kuipaka masizi ili ibaki. Wanawake wao walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Leo alama hizo hubaki kwa wazee tu. Wanawake wa Kidatoga huchorwa miduara kuzunguka macho. Wamaasai hutoga masikio na kuyapanua, na shanga zao hazipangwi ovyo: nyekundu hutajwa kuwa damu, nyeupe maziwa na kijani majani ya malisho. Pwani na Unguja, bibi harusi husuguliwa singo na kupakwa hina mikononi na miguuni. Mjane aliye katika eda hajipaki hina wala wanja. Kwa hiyo hata kukosa pambo ni ujumbe, na majirani huuelewa bila kuambiwa.

Shanga za kiunoni za mtoto mchanga nazo zina maelezo yake. Akina mama wengi huzitumia kama kipimo. Kamba ikibana, mtoto ameongezeka, ikilegea, amepungua. Huo ni uangalizi wa afya uliokuwapo kabla ya mizani ya kliniki. Hata hivyo, shanga haziwezi kuonesha kudumaa, kwa kuwa kudumaa hupimwa kwa urefu wa mtoto kulingana na umri wake. Jambo hilo linatuhusu sana, maana utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mama mwenye shanga asikemewe. Apongezwe kwa kumwangalia mtoto wake, kisha ahimizwe kwenda kliniki akapimwe.

Ufipa haikuwa kisiwa

Wengine hudhani mapambo ya zamani yalikuwa mambo ya kijiji kilichojifungia. Sivyo. Wafipa walijulikana kwa kazi mbili kubwa: kusokota na kufuma nguo za pamba, na kuyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, yale malungu ambayo mabaki yake bado yanaonekana katika uwanda wetu. Watafiti walioongea na wazee wa uhunzi waliandika kwamba tanuru jipya lilitendewa kama bibi harusi, kwa kuwa lilitarajiwa kuzaa chuma. Kwa wazee hao, uzuri, ndoa na kazi ya mikono havikutenganishwa.

Shanga za kioo zilitoka mbali, nyingine Venice huko Italia, zikapita pwani na kubebwa na misafara hadi bara. Richard Burton, aliyesafiri hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kuwa kulikuwa na aina za shanga zipatazo 400. Kila eneo lilikuwa na aina yake iliyopendwa, na mfanyabiashara aliyekosea rangi alirudi na mzigo wake. Shanga moja nyekundu ilikuwa na majina mawili: "kimaliza chakula", kwa sababu mtu aliweza kutoa chakula chake ili aipate, na "kivunja mji", kwa sababu ilisemekana kufilisi nyumba. Kumbe malalamiko ya waume kuhusu gharama za urembo hayakuanza na saluni za leo!

Vilevile kulikuwa na gamba la konokono wa Bahari ya Hindi, lililokatwa duara jeupe na kuvaliwa na watemi na watu wenye heshima katika sehemu kubwa ya bara. Mwaka 1854 David Livingstone, akiwa katika eneo ambalo leo ni kaskazini-magharibi mwa Zambia, aliandika kuwa magamba mawili ya aina hiyo yalitosha kununua mtumwa mmoja. Tunalitaja hili kwa makusudi. Pambo linaweza kuwa zuri machoni na bado gharama yake ikalipwa na mtu mwingine. Kila pambo, la zamani au la sasa, tuliulizie gharama hiyo.

Amri peke yake haikutosha

Serikali zetu nazo zimewahi kujaribu kuamua watu wajipambe vipi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilifanyika kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali na mashati. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kung'arisha ngozi, na utekelezaji ukaanza Januari 1969.

Matokeo yake tunayaona. Lubega lipo hadi leo, na picha yake hutumika kuwavuta watalii. Sketi fupi na mawigi havikutoweka, na dawa za kung'arisha ngozi zimeongezeka. Amri hiyo iliweka jambo jema na jambo baya katika kapu moja. Iliwaaibisha watu barabarani, lakini haikuwaeleza kwa nini dawa ya ngozi ni hatari kuliko wigi. Kamati zetu zisirudie kosa hilo.

Hatari zilizopo leo

Tukisema tusihukumu, hatusemi kila kitu ni salama. Yapo mambo matatu ambayo viongozi wa jumuiya wanapaswa kuyajua.

Kwanza ni wembe mmoja kwa watu wengi. Chale huchanjwa kwa urembo, na pia kwa tiba ya kienyeji, hasa kwa watoto. Wembe au sindano ikipita kwa mtu zaidi ya mmoja inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B. Kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo kuufuta wembe kwa kitambaa hakusaidii. Kidonda kichafu huweza pia kuleta pepopunda. Chanjo ya homa ya ini B imo katika chanjo za watoto wa Tanzania tangu mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Tahadhari hii inawahusu pia wanaochora tatuu na wanaotoga masikio mitaani.

Pili ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi huwa na zebaki au haidrokwinoni, na vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku nchini. Zebaki hupenya ngozi, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unalenga kuiondoa katika vipodozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba mwisho wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki uwe mwaka 2025. Hata hivyo, makubaliano hayamfikii binti anayenunua kopo lisilo na lebo gulioni. Udhibiti wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, na bidhaa isiyoonesha viambato wala mtengenezaji isinunuliwe.

Tatu ni piko. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia au nyekundu na huchukua saa kadhaa kukolea. Rangi nyeusi tii inayokolea kwa dakika chache mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele. Ikipakwa kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu, na mzio unaobaki maisha yote.

Aidha, ukeketaji usiingizwe katika orodha ya mapambo wala ya mila za kutunzwa. Ni kuwaumiza watoto wa kike, na kwa walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Maandiko na hirizi

Wanaopinga chale hutaja Walawi 19:28. Tusome mstari mzima: unahusu kujichanja kwa ajili ya wafu na kujichora alama mwilini, katika sura inayolitenga taifa na ibada za majirani zake. Mwanzo 24 nayo inaeleza jinsi Rebeka alivyopewa pete na bangili za dhahabu kisimani, na hakuna anayelaumiwa. Kwa hiyo tuangalie nia ya pambo.

Hapo ndipo pambo na hirizi hutofautiana. Inasimuliwa kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Shanga zilizovaliwa kwa uzuri au kwa kumpima mtoto ni pambo. Shanga zilizofungwa kwa hofu ya jirani ni jambo jingine, na dawa yake ni mazungumzo ya taratibu na mama huyo kuhusu hofu yake. Mkasi haumwondolei hofu. Na bibi aliyechanjwa akiwa mtoto hakuulizwa. Chale zake hazisemi lolote kuhusu imani yake ya leo.

Maswali manne kwa kamati

Tunapendekeza kila kamati ijiulize haya kabla ya kuamua:

1. Je, pambo hili linamdhuru anayelivaa au mtu mwingine?
2. Je, mwenyewe alikubali, au ni mtoto aliyefanyiwa?
3. Je, linavaliwa kwa furaha na heshima, au kwa hofu?
4. Je, gharama yake inaondoa chakula, ada au dawa nyumbani?

Pambo linalopita maswali haya, tuliache kwa amani. Linaloshindwa, tuanze kwa kuelimisha.

Kwa wafadhili wetu: kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wembe mpya kwa kila mtu, semina ya siku moja kwa wasusi na wapambaji wa maharusi, na muuguzi wa zahanati aliye tayari kuzungumza na akina mama baada ya ibada. Vikundi vya akina mama vinavyotunga shanga na kusuka vikapu navyo vinastahili kuungwa mkono, kwa sababu ufundi wa mikono ndio uliowapa Wafipa jina tangu enzi za pamba na malungu.

Tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo ijadili maswali hayo manne katika robo hii. Na kabla ya kujadili, mwombeni bibi mmoja mwenye chale awasimulie alizipata vipi. Msikilizeni hadi mwisho.