Tanya Talaga na Swali la Chifu

Aprili 2011 Kanada ilikuwa kwenye kampeni za uchaguzi mkuu. Tanya Talaga, mwandishi wa gazeti la Toronto Star, alifunga safari hadi mji wa Thunder Bay kutafuta habari ambayo mhariri yeyote angeipokea: kwa nini wenyeji wa asili hawajitokezi kupiga kura? Akaketi na Stan Beardy, chifu mkuu wa muungano wa jamii 49 za wenyeji hao kaskazini mwa jimbo la Ontario. Kila alipomuuliza habari za kura, chifu alimuuliza kwa nini haandiki habari za Jordan Wabasse, mwanafunzi wa miaka 15 aliyepotea mjini humo tangu Februari. Talaga alirudi kwenye kura. Mzee akarudi kwa Jordan.

Mwandishi mwenye haraka angeokota kauli mbili tatu na kuondoka. Talaga aliliacha swali alilotumwa nalo, akalishika la mzee, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipopata kazi ya maisha yake.

Mwili wa Jordan ulipatikana mtoni Mei mwaka huohuo. Alikuwa wa saba. Tangu mwaka 2000 vijana saba wa jamii hizo waliokuja Thunder Bay kusoma walikuwa wamefariki, na watano kati yao waliopolewa mitoni. Webequie, kwao Jordan, iko zaidi ya kilomita 500 kaskazini, na haina barabara ya mwaka mzima. Huko huendewa kwa ndege, au kwa gari juu ya barafu wakati wa baridi kali. Vijiji vingi vya huko havina sekondari ya kutosha, hivyo mtoto wa miaka 14 au 15 hupanda ndege peke yake kwenda kuishi kwa watu asiowajua, wanaolipwa kumlisha na kumlaza, katika mji wenye ubaguzi wa wazi. Sisi tuliosoma bweni tulikuwa na matroni, kengele ya kulala na wenzetu wa kijiji kimoja. Wale walikuwa na nini?

Talaga alikaa na wazazi na walimu wao, na mwaka 2017 akatoa kitabu, Seven Fallen Feathers. Uchunguzi rasmi wa vifo hivyo saba ulikuwa umemalizika mwaka mmoja kabla, na katika vinne jopo la raia lililousikiliza lilishindwa kusema vilitokeaje. Desemba 2018 chombo cha kusimamia polisi wa Ontario kilithibitisha kwamba polisi wa Thunder Bay walikuwa na ubaguzi wa kimfumo, kikataka baadhi ya vifo vichunguzwe upya.

Wapo wanaodai kwamba mwandishi akiandika habari za watu wake ataegemea upande. Talaga ni Muanishinaabe, mmoja wa wenyeji wa asili, kwa upande wa mama, na bibi yake alitoka Fort William, jamii inayopakana na Thunder Bay. Sioni kama damu hiyo ilimpofusha. Ilimfanya asikilize pale wengine walipochoka, na ushahidi aliukusanya kwa ukali uleule unaodaiwa kwa mwandishi yeyote.

Katika The Knowing, kitabu cha mwaka 2024, ameugeuzia uchunguzi huo ukoo wake mwenyewe. Anamtafuta Annie, mama wa bibi wa mama yake, aliyezikwa katika makaburi ya hospitali ya wagonjwa wa akili Toronto bila familia kujua. Anapekua kumbukumbu za makanisa na za serikali, zilezile zilizoandikwa na watu waliowapeleka watoto wa wenyeji wa asili zaidi ya 150,000 kwenye shule za bweni zilizokusudiwa kuwafutia utamaduni wao.