Vichekesho vya Nairobi vilivuka Busia, mzaha wa siasa ukakwama forodhani

WATU wa Sop Sop, wilayani Tororo, walimcheka Mzee Ojwang' kama mtu wa ukoo wao. Kiswahili chake kilijaa lafudhi ya Kijaluo, na Wajopadhola, ambao lugha yao ina undugu na Kijaluo, hawakuhitaji mkalimani. Wengi walipigwa na butwaa kusikia kwamba mwigizaji mwenyewe, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu.

Enzi hizo antena ndiyo iliyokuwa pasi ya kusafiria. Aliyekuwa na mlingoti mrefu na betri ya gari alinasa mawimbi ya Kenya, na jioni ua wake ulijaa. Vitimbi na Vioja Mahakamani vilitania mume na mke, mlevi na hakimu. Rais hakuguswa.

Waliothubutu kumgusa ni vijana watatu waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta: Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie. Kundi lao, Redykyulass, lilivuma Moi akiwa bado Ikulu, na Mong'are akawa akiiga sauti yake mbele ya taifa zima. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliyetazama kwanza mlangoni, ndipo akacheka. (Kiarie naye alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Mzaha una njia nyingi za kufika bungeni.)

Kipindi cha mazungumzo na vichekesho vya usiku kilikomaa Marekani. Kituo cha NBC kilianza kurusha The Tonight Show mwaka 1954, mwenyeji akiwa Steve Allen, kisha Johnny Carson akakishika kuanzia 1962 kwa miaka 30. Mwenyeji husimama akatania habari za siku, kisha huketi nyuma ya meza, mgeni akakaa kwenye kochi na bendi ikawa kando. Mkubwa akishaketi kwenye kochi lile hana budi kucheka, la sivyo ataonekana mkali.

Daniel Ndambuki, yule Churchill ambaye wasikilizaji wa redio walimjua kama Mwalimu King'ang'i, aliuchukua mpangilio huo akaugeuza. Katika Churchill Live, ambayo baadaye iliitwa Churchill Show na kuonyeshwa NTV, hakutaka kuchekesha peke yake. Aliwaita vijana jukwaani mmoja mmoja, kila mmoja na dakika zake, kisha akaketi na mgeni. Eric Omondi na MC Jessy walipata majina hapo.

Mtaji wa wengi wao ulikuwa lafudhi ya kwao: ya Kikamba, ya Kimeru, ya Kiluhya, ya Kijaluo. Kwa maoni yangu sisi wa mpakani tulifaidi kuliko watu wa Nairobi, kwa sababu Waiteso na Wasamia wako pande zote mbili, na ukifuata soko la Busia unasikia lafudhi hizo zote kabla ya saa nne asubuhi. Anne Kansiime wa Kabale alipopanda jukwaa hilo, hakuna Mkenya aliyemwomba kitambulisho.

Kisha Mei 2009 ikaja XYZ Show kwenye Citizen. Mwanzilishi wake alikuwa Gado, mchoraji vibonzo mzaliwa wa Tanzania, aliyeiga kipindi cha Ufaransa kiitwacho Les Guignols de l'info. Ilikuwa taarifa ya habari ya uongo iliyosomwa na kikaragosi cha mpira, Keff Joinange, mzaha kwa mtangazaji Jeff Koinange. Rais, Waziri Mkuu na wabunge wote waligeuzwa mpira.

Upande wetu mambo ni tofauti. Julai 2020 wachekeshaji wanne wa kundi la Bizonto walikamatwa Kampala na kuzuiliwa siku kadhaa. Kisa ni video iliyowataja wakubwa wa serikali na usalama wanaotoka eneo moja la nchi, ikiwahimiza wananchi wawaombee. Mzaha kama huo ungepita XYZ bila mtu kushtuka.

Si kwamba Kenya ni pepo. Gado mwenyewe aliondoka gazetini mwaka 2016 mkataba wake usipoongezwa, na wengi walisema ni kwa ajili ya vibonzo vyake.

Februari 2015 Kenya ilipozima mitambo ya analogia, NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Ziliporudi, antena tupu haikufaa kitu bila king'amuzi. Mlingoti wa jirani yangu sasa unaanikiwa nguo.

Siku hizi vichekesho huvuka ndani ya simu. Juzi, kwenye teksi ya kutoka Busia kwenda Tororo, kijana aliyerudi kutoka Nairobi alicheza video inayomwiga Rais wa Kenya, tukavunjika mbavu, kina mama wenye mizigo ya nyanya wakiomba airudie. Akafungua nyingine, ya Kampala. Kondakta akaongeza sauti ya redio.