Kukandamiza Kifua "Wakati wa Kushtua Moyo": Kirai Kimoja, Hatua Mbili

Makala haya yanachunguza utata wa kirai "wakati wa kushtua" katika mjadala wa kitabibu kuhusu mgonjwa ambaye moyo wake umesimama: je, ukandamizaji wa kifua uendelee moyo unaposhtuliwa kwa umeme? Hoja yetu ni kwamba kirai hicho huficha hatua mbili, na kila hatua ina jibu lake.

Msingi wa ukandamizaji uliwekwa mwaka 1960, pale Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, wa Johns Hopkins mjini Baltimore, walipoeleza namna ya kuendesha damu bila kupasua kifua. Mikono ikiondolewa, shinikizo la damu inayolisha moyo hushuka upesi, nalo hupanda polepole ukandamizaji uanzapo tena. Kila kituo, hata kiwe kifupi, kina gharama.

Ndiyo maana watafiti walijiuliza iwapo mikono ibaki kifuani. Mwaka 2008, Lloyd na wenzake walichapisha matokeo ya mishtuko 43 iliyotolewa huku mtu aliyevaa glavu akigusa kifua cha mgonjwa. Mkondo uliompitia ulikuwa na wastani wa maikroampea 283 tu, wala hakuuhisi. Hata hivyo, majaribio ya Sullivan na Chapman, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kuwa glavu za uchunguzi si kinga ya kutegemewa dhidi ya volti za mashine hiyo.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 ulitenganisha hatua hizo. Mashine inapojaza umeme, ukandamizaji uendelee. Umeme unapoachiliwa, mikono iondolewe, na kituo chote kisizidi sekunde 5. Kisha ukandamizaji urejewe papo hapo.

Tukirudi kwenye lugha, tunaona kuwa kiambishi -po- katika "unaposhtuliwa" huonyesha wakati bila kuuwekea mipaka. Mwanafunzi akiambiwa "usiguse unaposhtua", aweza kuondoa mikono tangu mashine ianze kujaza umeme, na damu ikasimama bure. Akiambiwa "endelea unaposhtua", aweza kujihatarisha yeye mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza vitabu vya mafunzo vitumie istilahi mbili, "kujaza" na "kuachilia", badala ya "kushtua" pekee. Hapa usahihi wa istilahi si pambo la lugha, bali ni sehemu ya tiba yenyewe.