Safari ya Hewa Ukaa Ndani ya Mwamba

Hewa ukaa inaposukumwa kwenye mwamba ulio zaidi ya mita 800 chini ya ardhi, mgandamizo wa huko huibana hadi ikakaribia uzito wa kimiminika, lakini kwa kuwa hata hapo ni nyepesi kuliko maji ya chumvi yaliyojaa katika vitundu vya mwamba, hupanda polepole mpaka ikutane na tabaka la udongo mgumu lisiloipitisha, ambalo wanajiolojia huliita paa. Safari hiyo hutabiriwa kwa modeli, yaani mfano wa mwamba uliojengwa kwa hesabu ndani ya kompyuta, ilhali mwamba wenyewe umetobolewa katika sehemu chache tu.

Huko Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini, Norwei ilianza kuzika hewa hiyo mwaka 1996, na kwa miaka mingi kiasi chake kilikaribia tani milioni 1 kwa mwaka. Picha ya mwaka 1999, iliyopatikana kwa kurusha mawimbi ya sauti kutoka melini na kupokea mwangwi wake, ilionyesha kwamba gesi ilikuwa imekwisha kufika kwenye paa, na njiani ilikuwa imetandaa katika matabaka tisa, moja juu ya jingine kama chapati zilizopangwa, kwa sababu ya matandiko ya udongo yenye unene wa takriban mita 1 ambayo vipimo vya awali vya mawimbi havikuyaonyesha. Baadaye tabaka la juu kabisa lilielekea kaskazini kwa kasi iliyozidi makadirio, likifuata mwinuko mdogo wa paa.

Huko Snøhvit, katika Bahari ya Barents, kazi iliyoanza mwaka 2008 ilikumbwa na tatizo la namna nyingine: mgandamizo ulipanda upesi kuliko ilivyotarajiwa, hata mwaka 2011 gesi ikahamishiwa kwenye mwamba mwingine.

Utabiri mgumu zaidi ni ule wa karne nyingi zijazo, wakati gesi itakapoyeyuka katika maji, na maji hayo, yakiwa yameongezeka uzito, yatakapozama badala ya kupanda. Modeli isiyosahihishwa haistahili kuaminiwa kwa ahadi ndefu kiasi hicho. Ndiyo maana kila picha mpya ya Sleipner hulinganishwa na makadirio, mteremko wa paa ukarekebishwa hata kwa mita chache, kisha hesabu ikaanza upya.