Mashua ya rimoti ikizama baharini: Kuwaka si kupona

Acha nikwambie kuhusu siku niliyomliza mtoto wa wenyewe. Ilikuwa bathdei ya miaka saba kule Syokimau. Kidimbwi kilikuwa kimejaa maji, watoto wamepanga foleni, na kila mmoja alitaka zamu ya kuendesha mashua yangu ya rimoti. Hiyo ndiyo hasla yangu ya wikendi. Mashua ilikata raundi mbili safi, ikasita, ikaanza kujizungusha pale pale, kisha moshi ukachomoza chini ya kifuniko. Mwenye bathdei akaangua kilio. Nilirudisha pesa zote, nikabeba maiti yangu hadi stejini.

Siku sita kabla ya hapo, mashua hiyo hiyo ilikuwa imezama Tudor, Mombasa. Wimbi la boti iliyokuwa ikipita liliipindua, na kijana mmoja akapiga mbizi kuniletea. Nilimwaga maji, nikaipangusa kwa tishati, nikawasha. Ikawaka! Nilishangilia kama mtu aliyeshinda jekpoti. Nilirudi Nairobi nikiwa na uhakika kwamba niko sawa.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo wewe pia utakosea usipokuwa makini. Kuwaka si kupona.

Muuaji ni chumvi

Maji matupu hayaui saketi mara moja. Kinachoua ni umeme kupita mahali usipofaa wakati saketi ina maji. Maji ya bahari ni hatari zaidi kwa sababu lita moja hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya bomba. Ukiwasha kabla ya kuosha, umeme hupenya kwenye ile chumvi na kuanza kula njia nyembamba za shaba.

Hata ukikausha, chumvi haiendi popote. Hubaki pale ikivuta unyevu hewani, na siku chache baadaye utaona ukungu wa kijani kwenye shaba. Mashua yangu ilikuwa inaoza polepole huku mimi nikijipongeza.

Dakika kumi za kwanza

Chomoa betri kabla ya kitu kingine chochote. Usijaribu kama bado inafanya kazi, hata kama vidole vinakuwasha. Kisha toa kila kitu: risiva, servo ya usukani, mota, na ESC, yaani kile kisanduku kinachodhibiti kasi ya mota.

Kama ilizama baharini, osha vifaa hivyo (si betri) kwa maji safi. Ndiyo, umesoma vizuri: unaosha kwa maji kitu kilichoharibiwa na maji, kwa sababu lazima chumvi itoke. Suuza mwisho kwa maji ya betri ya gari, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Uliza maji, si asidi! Baadaye fungua vifuniko, upige saketi mswaki laini uliochovywa kwenye aisopropili ya asilimia 99, ile spiriti ambayo mafundi wa simu wa Luthuli Avenue hawakosi mezani. Sanitaiza haifai, kwani ina maji na vitu vya kulainisha ngozi.

Kausha mbele ya feni kwa siku mbili. Draya ya saluni ina joto kali linaloweza kukunja plastiki. Na mchele? Mchele pika ule. Hautoi chumvi, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Hata Apple mnamo 2024 iliwaambia wenye iPhone waache kuzika simu kwenye mchele.

Pima kimoja kimoja

Mimi niliacha chuo mapema, kwa hivyo elektroniki nimeisomea kwa kuunguza vitu. Somo ghali zaidi nililolipia ni hili: usirudishe kila kitu ndani ukawasha kwa pamoja. Kimoja kikiwa kibovu, kinaweza kuua vingine.

Anza na risiva. Ilishe kwa betri nne za AA za kuchaji, ambazo hutoa karibu volti 4.8. Washa rimoti kwanza, halafu risiva. Taa ikitulia, unganisha servo. Servo ikitetemeka bila kuguswa, kuna uwezekano mkubwa kwamba bado ina unyevu au uchafu ndani. Irudishe kwa feni.

ESC ndiyo ya kuogopwa. Weka multimita kwenye ile alama ya mlio, uguse waya mwekundu na mweusi wa kuingiza umeme. Mlio mfupi unaokatika si tatizo. Mlio usiokoma ni shoti, na hapo usiunganishe betri kabisa.

Ikipita hapo, toa propela, kisha tumia mbinu ya jua kali: katikati ya waya mwekundu wa betri na ESC, unganisha balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12. Balbu ikimweka kidogo na kuzima, endelea. Ikiwaka na kubaki hivyo, ESC ina shoti, lakini balbu imekuokoa na moto. Laiti ningejua hivyo kabla ya Syokimau.

Mota ikizunguka upande mmoja tu ilhali rimoti iko sawa, shuku ESC. Ikikwaruza, shuku beringi zilizoshika kutu. Mashua ikipoteza mawasiliano hatua chache tu kutoka kwako, angalia antena ya risiva.

Betri usiifanyie mzaha

Hapa acha utani, hasa kama unaishi bedsita ambapo kitanda, jiko na chaja viko chumba kimoja. Betri za LiPo zikiharibika zinaweza kulipuka moto. Iliyozama ipanguse, iweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto, uichunguze kwa siku kadhaa. Ikivimba, ikinuka, au seli moja ikishuka chini ya volti 3, usiichaji tena. Usiitupe kwenye pipa la ploti. Ipeleke wanakokusanya taka za kielektroniki. Najua betri mpya ni pesa. Nyumba nayo je?

Maji yaliingilia wapi?

Ukishatengeneza, tafuta tundu. Tandaza tishu kavu ndani ya mashua, iweke kwenye beseni kwa dakika kumi, halafu uone tishu ipi imelowa. Mara nyingi maji hupitia bomba la shafti ya propela, kwa hivyo lijaze grisi. Angalia pia raba ya usukani na mipira ya maji ya kupoza mota.

Saketi ya risiva ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, ila usiguse pini za kuchomekea. Kisha ivalishe puto na kulifunga vizuri. Ni mbinu ya kizamani lakini inafanya kazi. Mwisho, jaza vipande vya stairofomu kwenye nafasi zilizo wazi. Mawimbi ya redio ya rimoti hayapenyi maji vizuri, kwa hivyo mashua ikishazama huwezi kuiamrisha chochote. Afadhali ielee ikiwa imekufa kuliko ikuachie mapovu.

ESC mpya ilinimeza Sh2,500, pesa za wikendi mbili. Mwezi uliofuata nilimpigia mamake yule mtoto, nikaomba nirudi bila malipo. Mashua ilizunguka nusu saa nzima, na bosi wangu wa miaka saba akakataa kumpa mtu rimoti.

Nilipofika nyumbani njaa ilikuwa inaniuma, lakini nilichomoa betri, nikafungua kifuniko, nikawasha feni. Chakula kilikuja baadaye.