MPATANISHI ASIYE NA MANOWARI

Wahenga walinena kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mwaka 1993 Norway, nchi isiyo na sauti kubwa miongoni mwa mataifa, iliuthibitisha usemi huo katika ugomvi wa Waisraeli na Wapalestina.

Ikumbukwe kwamba mkutano wa Madrid wa Oktoba 1991 uliitishwa na wakubwa wawili, Marekani na Umoja wa Kisovieti. Mazungumzo yakaendelea Washington mbele ya waandishi wa habari, nayo yakakwama. Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, hakikupewa kiti, na hadi Januari 1993 sheria ya Israel ilimkataza raia wake kuonana na wajumbe wa chama hicho.

Mwezi huo huo, katika nyumba moja huko Sarpsborg, wasomi wawili wa Israel, Yair Hirschfeld na Ron Pundak, waliketi kwa siri na Ahmed Qurei wa PLO. Mwenyeji wao, Terje Rød-Larsen, hakuingia katika chumba cha mazungumzo. Kazi yake ilikuwa kuwalaza chini ya paa moja, kuwalisha meza moja, na kuwatuliza hasira zilipopanda. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti, Waziri Johan Jørgen Holst alishika simu mjini Stockholm kwa saa nyingi, akipeleka maneno ya Shimon Peres kwa viongozi wa PLO waliokuwa Tunis. Tarehe 13 Septemba hati ikatiwa saini Washington.

Hata hivyo, mambo mazito yaliahirishwa: Yerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka. Tarehe 4 Novemba 1995 Waziri Mkuu Yitzhak Rabin aliuawa na Mwisraeli mwenzake. Julai 2000 Rais Bill Clinton aliwakutanisha viongozi wa pande mbili huko Camp David, wakaachana bila mapatano.

Hapana shaka Norway iliaminiwa kwa sababu haikuwa na la kutisha, lakini kwa sababu hiyo hiyo haikuweza kumlazimisha yeyote atimize ahadi. Marekani ilikuwa na uwezo huo, bali ndiyo iliyokuwa ikiipa Israel silaha, na Wapalestina wakawa na haki ya kuuliza kama mwamuzi huyo hana upande. Mgeni huweza kuandaa meza. Kutimiza ahadi kumebaki mikononi mwa wenye ugomvi.